Ng'ombe Niliowaswaga Mwenyewe

Kama kulikuwa na mtu mkoa mzima wa Mara aliyenizidi furaha asubuhi ile, na ajitokeze tupimane.

Nilikuwa napanda kuelekea Nyarero nyuma ya kundi la ng'ombe wanaong'aa kama waliopakwa mafuta. Umande ulikuwa umenilowesha suruali mpaka magotini, njaa inaniuma, simu imezimika tangu tulipolala njiani. Sikujali. Mbele yangu migongo iliyumba polepole, kwato zikagonga changarawe, pumzi zikatoka puani kama moshi wa jikoni. Vijana wa rika langu wanazeeka wakiomba kazi wasizozipenda. Mimi, Mseti wa Issenye, kazi yangu ninaipenda: watu wananituma mnadani, nawachagulia ng'ombe, nawaswaga kwa miguu mpaka mlangoni kwao. Lori linamfikisha ng'ombe akiwa amevunjika moyo. Mimi namfikisha akiwa na akili zake zote.

Na nilikuwa na Boke.

Boke alikuwa muuguzi kwenye zahanati ya kwetu Issenye. Jioni mifugo ikirudi, nami nilipita kwake. Alitoka mikono inanuka sabuni ya dawa, tukaenda kunywa chai kwenye kibanda cha mama Happy. Alinisimulia watoto aliowapima. Nilimsimulia ng'ombe. "Leo nimepokea mtoto wa kiume," aliniambia siku moja, "katoka analia kwa hasira, nikasema huyu ni ndugu yake Mseti." Tulicheka mpaka chai ikapoa. Hatukwenda hoteli, hatukupiga picha za kuonyesha watu. "Watu wanaitafuta furaha mbali," alipenda kusema. "Mimi yangu naijua iliko. Zahanati, chai ya jioni, na wewe unanuka ng'ombe."

Wiki moja kabla ya safari ile, baba yake alimwita nyumbani Nyarero akisema anaumwa. Kwao nilikuwa sikujui. Kijana hapeleki uso wake kwa wazazi wa binti kabla ya kupeleka wazee. Nilikuwa nimepanga nikishakabidhi kundi, niulize kwa mbali paa la kwao ni lipi, nilitazame, kisha niende zangu. Mapenzi yana ujinga wake, na ule ulikuwa wangu.

Jackson, aliyenituma ng'ombe wale, alikuwa ananisubiri njia panda juu ya pikipiki. Ni mtu wa Nyangoto, ana malori ya kubeba mawe, ana tumbo dogo linaloanza na kicheko kikubwa kilichokomaa.

"Mura, kijana! Hawa ndio wale wale?"

"Ndio hao, kaka Jackson. Au niwavue ngozi uhakikishe?"

"Wamependeza kuliko mimi bwana harusi."

"Hilo halikunipa kazi kubwa."

Alicheka mpaka pikipiki ikataka kuanguka. Nilijua tangu mnadani kwamba ni ng'ombe wa mahari, na kwamba binti ni wa Nyarero. Jina lake sikuuliza. Kwetu mwanaume haulizi jina la mchumba wa mwenzake kama anayeuliza bei ya sabuni. Ni utovu wa adabu, na mimi adabu ninayo.

Tulifika kwenye mji wenye migomba mbele na nyumba ya bati. Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, fimbo mapajani. Nikawaamkia, "Shikamooni," wakaitika. Mwenye mji, Mzee Thadeo, mrefu, mkavu kama mti wa uzio, akanionyesha zizi kwa kidevu.

Zizi lilikuwa tupu. Sisemi tupu ya asubuhi, ng'ombe wakiwa malishoni. Nasema tupu ya miaka. Majani yalikuwa yameota katikati mpaka kiunoni, na hapakuwa na harufu ya samadi hata kidogo. Ng'ombe wangu waliinua pua, wakanusa, wakagoma. Ng'ombe haingii mahali ambapo hasikii harufu ya ng'ombe mwenzake. Mzee mmoja akaguna kwamba mahari ikigoma mlangoni ni neno baya. Jackson akanitazama, jasho linamtoka.

Nikatembea mpaka mlangoni, nikasimama mbele ya yule mtamba mwekundu aliyekuwa anaongoza kundi, nikamwimbia. Mashairi sikufundishwa na mtu. Nimejifunza porini, kwa sababu ng'ombe ni msikilizaji mvumilivu.

"Ingia ndani, ingia, usiogope ugeni,
Tulikotoka ni njia, tulikofika nyumbani."

Nilirudia, sauti nikaishusha. Mwekundu akapiga hatua. Wengine wakafuata, tumbo kwa tumbo, wakayakanyaga majani yale. Vigelegele vikapasuka kutoka jikoni, na wazee wakatikisa vichwa wakisema kijana huyu ana mdomo.

Nikageuka nikiwa natabasamu kwa majivuno yangu yote. Mlangoni mwa jiko alikuwa amesimama Boke, bakuli la uji mikononi.

Hakuwa amevaa sare yake. Alivaa kitenge kipya na kilemba, amepakwa mafuta shingoni. Macho yake yaliniambia kila kitu kabla akili yangu haijakubali kusikia. Alikuwa amenitambua kwa sauti, nikiimba, kabla hajaniona. Uji ulikuwa unamwagika ukingoni, hana habari.

"Mpe kijana uji, mwanangu," Mzee Thadeo alisema. "Amekuletea bahati kwa miguu yake mwenyewe."

Alinipa bakuli. Vidole vyetu viligusana. "Nyuma ya jiko," alisema bila kufungua midomo.

Sikuunywa uji ule. Wazee walipoanza kuzunguka zizi, wakitafuta kasoro kama ilivyo kawaida yao, nilipita kwenye migomba.

"Ni wewe kweli," Boke alisema. "Nimesikia sauti, nikadhani nimechanganyikiwa."

"Niambie ni ndugu yako anayeolewa."

"Binti wa mji huu ni mimi peke yangu. Unajua."

"Niambie basi uongo!"

"Nimekupigia simu mpaka nimechoka kuambiwa hupatikani."

"Ilizimika. Porini kule ningeichaji kwa pembe ya ng'ombe?"

"Usinifanyie mzaha, Mseti."

"Sifanyi mzaha. Nakufa, Boke, na ninakufa kwa fimbo niliyoichonga mwenyewe."

Alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akainuka, hakujua aweke wapi mikono. "Tata hakuwa anaumwa. Nilimkuta anakunywa chai. Alikuwa ameshakubali."

"Na wewe ukakubali?"

"Umeliona lile zizi?"

"Nimeliona."

"Umeyaona majani? Mimi ndiye niliyeyaotesha. Ng'ombe wa mji huu waliuzwa mmoja mmoja nikasomea uuguzi. Kaka yangu Mogesi aliacha shule, akaenda kuvunja mawe ili mimi ninunue sare. Hakunidai hata asante. Sasa mchumba wake, Kezia, ana mimba yake, na kwao wamesema binti hatoki bila ng'ombe. Na ng'ombe wa kaka hutoka wapi kwetu? Hutoka kwa dada yake. Usinitolee macho, mila hiyo unaijua kuliko mimi."

Niliijua. Ndiyo iliyonifanya niwe maskini wa mke tangu nizaliwe, kwa kuwa mama yangu hakujaliwa mtoto wa kike.

"Na zahanati?" niliuliza.

"Jackson hataki mke anayepangiwa zamu. Amesema nitakaa Nyangoto, niangalie duka lake."

"Wewe? Nyuma ya kaunta, unapima sukari?"

"Ndiyo."

"Na watoto wa kliniki?"

Hapo ndipo alipolia. Mpaka wakati ule alikuwa amejikaza, lakini nilipotaja watoto wa kliniki uso wake ulivunjika kama chungu. Nikataka kumshika. Akanisukuma.

"Nilikwambia, Mseti. Nilikwambia kabla ya mvua, chukua mshahara wangu, ongeza na chako, tununue mitamba, utume wazee. Ulinijibu nini?"

"Nilisema mahari yako hutajinunulia."

"Ulisema, 'Mimi si mwanaume wa kuolewa.' Ukatunga na shairi juu yake, ukaniimbia pale kibandani, mama Happy akacheka."

"Na bado nasema hivyo hivyo."

"Basi na bado huna ng'ombe."

Sijawahi kupigwa kofi na mwanamke, lakini nadhani linauma pungufu ya pale.

Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya mafuta shingoni kwake. "Nisikilize. Tata atakuita. Ng'ombe hawapokelewi mpaka aliyewachagua aulizwe mbele ya wazee kama wana kasoro. Sema neno moja tu. Sema yule mwekundu anakohoa. Sema mnada ule ulikuwa na ugonjwa. Watarudishwa wote leo hii."

"Na Mogesi?"

"Mogesi atangoja kidogo. Na mimi nitapata muda, na wewe utapata muda. Utachukua mshahara wangu, Mseti, na huo ujeuri wako utaumeza na maji."

"Boke, nikisema ng'ombe wangu ni wagonjwa, nani atanituma tena mnadani? Nitawapata wapi ng'ombe wako?"

"Neno moja."

"Na Jackson hajanikosea."

"Mimi nimekukosea nini?"

Sauti ya Mogesi ikaita kutoka zizini, "Kijana wa ng'ombe yuko wapi?" Boke alinishika mkono, akaubana kwa nguvu za mtu aliyezoea kushikwa na wanawake wanaojifungua. Kisha akauachia.

Nilisimama mbele ya wazee. Mogesi alikuwa kando ya baba yake, kijana mpole, mikono imepasuka kwa mawe, macho yake yamo zizini hayatoki. Alikuwa anawatazama wale ng'ombe kama mtu anayemtazama mke wake na mtoto wake. Jackson alikuwa anatabasamu. Mama yao na wanawake wengine walijipanga ukutani, na Boke akaja akasimama mwishoni.

"Wewe ndiye uliyewachagua," Mzee Thadeo alisema, "na wewe ndiye uliyewaleta. Kama kuna kasoro unayoijua, iseme leo. Ya kesho itakuwa fitina."

Nikamtazama mwekundu. Alikuwa ameshaanza kula majani ya zizi lile, kichwa chini, masikio yametulia, kama aliyezaliwa pale. Nilikuwa nimemtafuta mnadani tangu alfajiri. Nilimpapasa mbavu, nikamfungua kinywa, nikamwangalia anavyotembea na anavyosimama. Nilimpitisha kwenye majani mabichi, nikamkinga na jua. Njia nzima nilikuwa najiambia, Mseti, siku ukimpeleka Boke mahari, iwe ya ng'ombe kama huyu. Sasa nimwite mgonjwa?

Ulimi wangu haukukubali. Waseme wanaotaka kusema.

"Mzee, ng'ombe hawa hawana kasoro," nilisema.

Niliona kitenge kikitikisika kule mwishoni. Ningenyamaza hapo ningeondoka kwa heshima. Lakini mimi si mtu wa kunyamaza.

"Ila yule mnayempokelea ng'ombe hawa, mimi nampenda. Naye ananipenda. Hilo nalo nalisema leo, kesho lisije likaitwa fitina."

Pakalipuka. Mama yao alishika kichwa. Mogesi alipiga hatua mbili, fimbo juu. Jackson alisimama, kile kicheko chake kimepotea, anaonekana mdogo ghafla. "Mura, unasema nini? Tumekula wote mnadani, mimi na wewe!"

"Sikujua, kaka Jackson. Nakuapia, nimejua nilipoletewa uji."

Mzee Thadeo hakuinua sauti. Aliinua kiganja, wakanyamaza.

"Una ng'ombe, kijana?"

"Sina."

"Una dada?"

"Mama alinizaa peke yangu."

"Basi una nini?"

"Nina kazi."

Mzee mmoja alicheka kwa pua. "Kazi haikamuliwi, mwanangu."

"Ng'ombe hao mnaowasifu ndio kazi yenyewe, mzee wangu."

"Ni kazi yako," Mzee Thadeo alisema, "lakini ni ng'ombe wa Jackson." Hakulisema kwa kejeli, na kwa ajili hiyo liliniingia zaidi. Akamgeukia binti yake. "Boke. Unamjua mtu huyu?"

"Namjua, tata."

"Ni nani?"

Boke alimtazama kaka yake, ile mikono iliyopasuka. Mogesi aliangalia chini, na nataka niseme haki: hakumsihi, hata kwa jicho. Kisha Boke akanitazama mimi. Nimeshatazamwa na macho yale yakiwa yamechoka, yakiwa na usingizi, yakiwa yanacheka juu ya kikombe cha chai. Sikuwa nimewahi kuyaona yanaaga.

"Ni mtu anayeipenda kazi yake," alisema. "Sijaona anayeipenda kama yeye."

"Na ng'ombe?"

"Wapokeeni, tata."

Vigelegele havikuja mara moja. Vilipokuja vilikuwa vyembamba, vya wanawake wanaotimiza wajibu. Jackson alinitazama kwa muda. Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Alikwenda akakaa kwenye kiti chake cha plastiki kama mtu aliyeshinda kitu asichojua atakiweka wapi.

Nilikwenda kuchukua fimbo yangu niliyokuwa nimeiegemeza kwenye nguzo ya zizi. Boke alikuja na ndoo ya maji ya ng'ombe. Watu wote walikuwa wanatuona, na hakuna aliyetukataza. Akamimina maji kwenye pipa lililokatwa. Tulisimama pande mbili za uzio.

"Mwekundu atazaa karibuni," nilisema, kwa sababu nilikuwa sina neno lingine lililobaki zima. "Maziwa ya kwanza mwachieni ndama. Na msimfunge karibu na fahali."

"Nitamwambia Mogesi."

"Yule mwenye baka ana aibu. Hanywi maji akitazamwa. Mgeuzieni mgongo."

"Sawa."

"Na usiku wa kwanza watalia. Si wagonjwa. Wanaulizana tu walipo."

Aliitika kwa kichwa. Maji yaliisha kwenye ndoo na yeye bado ameiinamisha.

"Unachechemea," alisema.

"Ni mwiba wa jana."

"Usiuchokonoe kwa kisu kama kawaida yako. Loweka mguu kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi. Ukifika Issenye, nenda zahanati wakuchome sindano ya pepopunda."

"Atanichoma nani?"

"Shani. Ana mkono mwepesi."

"Sitaki mkono mwepesi."

"Mseti." Aliiweka ndoo chini. "Ulikuwa uongo mmoja tu. Kwa nini?"

"Ungenipenda kesho yake?"

"Ningekupenda miaka yote. Wewe ndiye usingejipenda."

Kisha akachukua ndoo tupu akaenda jikoni. Hakugeuka, nami sikumwita.

Niliteremka peke yangu. Jua lilikuwa limekausha umande, wanawake wamo mashambani wanapalilia mihogo, bodaboda zinapita zimepakia magunia ya mkaa na abiria wanaocheka. Dunia haikuwa imepungukiwa na kitu. Hata kazi yangu ilikuwa bado nzuri: nilikuwa nimefikisha kundi zima, hakuna aliyekonda, hakuna aliyevunjika kwato. Siku nyingine yoyote ningetembea nikipiga mluzi, nikipanga maneno ya kwenda kumsimulia. Ningemweleza walivyogoma mlangoni na nilivyowaimbia, naye angeweka mkono mdomoni ili asipaliwe na chai.

Nilikuwa nimewaza kila kitu juu ya furaha isipokuwa hicho kimoja, kwamba jioni inahitaji mtu. Kwamba nitaingia Issenye na habari nzuri kuliko zote za maisha yangu ya kazi, na kikombe kitakuwa kimoja.

Nilifika kwenye kijito kilichoko chini ya kilima. Nikasimama kando ya kivuko, fimbo begani, nikasogea kwenye majani.

Mama mmoja aliyekuwa anafua aliinua uso, sabuni mpaka viwikoni. Alinitazama, akatazama njia niliyotoka, akanitazama tena.

"Baba, mbona umesimama? Unampisha nani?"

Ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nasubiri ng'ombe wavuke kwanza.